Shuka ya Kumi na Saba

Dkt. Mayaka aliurudisha mradi wangu kwa mara ya tatu akiwa ameandika juu ya jalada, kwa kalamu nyekundu, maneno matatu tu: Hizi ni shuka.

Nilisimama kwenye korido ya kampasi yetu hapa Migori, ghorofa ya pili juu ya duka la mbolea, nikayasoma maneno hayo mara nne nikitafuta tusi ndani yake. Tusi halikuwepo. Yalikuwa kweli tupu. Mradi wangu wa kumalizia shahada ya biashara, tawi la utalii, ulikuwa umesimama juu ya shuka za kitanda mia nne thelathini na nane, zilizofuliwa kwa mkono katika kisiwa cha Takawiri kuanzia Januari hadi Agosti. Nilijua ni shuka. Sikuhitaji mtu mwenye shahada tatu kuniambia.

Niseme mapema, mtu asije akadhani nilikuwa ninacheza. Takwimu za biashara nilipita. Fedha nilipita, ingawa kwa kukwaruzana. Usimamizi nilipata alama ambayo mama yangu aliwaonyesha majirani. Kilichobaki kilikuwa mradi huo, na siku ya kuutetea mbele ya jopo la watu watatu ilikuwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Ukikwama hapo, jina lako linatolewa kwenye orodha ya mahafali na unangoja mwaka mzima. Mimi nilikuwa nimeshangoja mwaka mmoja, mama alipougua hadi akatuacha. Mwaka wa pili wa kungoja sikuwa nao. Basari ilikuwa imekwisha, na kaka yangu Willis, ambaye ndiye aliyekuwa akinilipia karo, alikuwa ameniambia kwa upole, "Bev, mkono wangu umefika hapa tu."

Mada sikuichagua mimi. Dkt. Mayaka ndiye aliyenipa: Sababu za Uchache wa Watalii Katika Kisiwa cha Takawiri. Unaona jinsi jibu lilivyokwisha kuwekwa ndani ya swali? Kwenye rafu ya maktaba yetu kulikuwa na miradi saba yenye mada hiyo hiyo, ya wanafunzi wa miaka iliyopita, na yote saba ilisema watalii ni wachache kwa sababu matangazo hayatoshi na daraja la kwenda kisiwani ni bovu.

Mimi ni mtoto wa Takawiri. Takawiri haina daraja. Haijawahi kuwa nalo. Mwanafunzi wa kwanza alilijenga kichwani mwake, na wale sita waliomfuata wakapita juu yake bila kulowa miguu. Na wote walihitimu, wakavaa majoho, wakapigwa picha.

Kwa hiyo likizo ilipofika nilivuka ziwa kutoka Mbita kwa mashua, kama watu wote wenye akili, nikaenda kukaa kwa waya Benta. Waya ni shangazi, dada ya baba. Ana gesti ya vyumba sita na vitanda vinane karibu na pwani wanapoanika omena, dagaa wetu wa ziwani, na ana kitabu cha wageni chenye jalada jeusi ambacho hukifuta vumbi kila asubuhi. Nilikifungua nikahesabu tangu Januari. Kufikia mwisho wa Agosti kilikuwa na majina kumi na tisa. Wazungu wawili waliokuja kuangalia ndege, mkaguzi wa shule, fundi wa mlingoti wa simu, na wengine wa namna hiyo. Kumi na tisa kwa miezi minane. Dkt. Mayaka angefurahi.

Lakini macho ninayo. Tangu nifike, kila Alhamisi vyumba vyote vilijaa, na havikuwa wazi tena hadi Jumapili.

"Waya, na hawa wa wiki hii? Mbona hawako kwa kitabu?"

"Hao si wageni wa kitabu," alisema akiendelea kumenya vitunguu. "Hao ni watu wa matanga."

"Lakini wamelala. Wamekula. Wamekodi mashua."

"Wamelala, ndiyo. Sasa mtu amekuja kuzika mamake, nimpe namba kama gunia ya mahindi? Watu wa matanga hawahesabiwi, nyar owadwa. Ukiwahesabu, unaonyesha kifo wamebaki wangapi."

Nyar owadwa, binti ya ndugu yangu. Akiniita hivyo najua mjadala umefungwa. Wala sikumcheka. Mama yangu alipozikwa, binamu zangu kumi na kitu kutoka Nairobi na Mombasa walilala katika vyumba hivyo, na hakuna hata mmoja aliyemo katika kile kitabu cheusi. Wakati ule niliona ni heshima. Sasa, nikiwa na daftari la utafiti mkononi, niliona pia kwamba heshima hiyo ndiyo iliyotufanya tuonekane kisiwa kisichotembelewa na mtu. Kwetu hakuna kinachowarudisha watu nyumbani kama msiba. Wanakuja kutoka mbali, wanalala siku mbili tatu, wanakula samaki, wanapiga picha ufukweni baada ya machozi kukauka, wanaondoka na debe la omena. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Hawakusema ni lazima aje akicheka.

Jibu nililipata nyuma ya jiko la mama anayemfulia waya. Sote tunamwita Min Elkana, yaani mama yake Elkana. Ukuta wa jiko lake ulikuwa umejaa mistari midogo ya makaa, imepangwa safu safu, na juu ya kila safu pana alama ya wiki.

"Hizi ni nini, mama?"

"Shuka za Benta. Nisipohesabu, upepo unaiba moja, halafu naambiwa ni mimi nimeiba. Lakini nazihesabu tangu Januari tu. Desemba huwa nasiriba ukuta upya kwa udongo, za zamani zinazikwa huko ndani."

"Kwa hivyo shuka zinahesabiwa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Shuka si mtu."

Nilipiga picha ukuta ule safu kwa safu. Kila kitanda hutandikwa shuka mbili, moja ya kulalia na moja ya kujifunika, na hazifuliwi mpaka mgeni aondoke. Kwa hiyo mistari ya kila wiki iligawanyika kwa mbili, bila kosa. Shuka mia nne thelathini na nane. Ondoa thelathini na nane za wageni wa kitabu, zinabaki mia nne, ambazo ni vitanda mia mbili. Mia mbili kwa kumi na tisa! Ili nisijidanganye, kwa wiki kumi mfululizo nilihesabu pia vikombe vya chai ya asubuhi. Waya alikubali. "Vikombe hesabu," alisema, "hivyo ni vyangu." Vikombe vilipanda shuka zilipopanda na kushuka shuka zilipopungua, wiki baada ya wiki, na nilipokokotoa uwiano wake nilicheka peke yangu kwa furaha.

Safu moja tu ndiyo iliyonisumbua. Wiki ya pili ya Machi ilikuwa na mistari kumi na saba, na ule wa kumi na saba ulikuwa umekatwa katikati.

"Hiyo ilirudishwa," Min Elkana alisema. "Ni wakati wa matanga ya Stanley. Mwalimu wa chumba cha tatu, yule mnene, alikataa kulalia. Alisema inanuka omena. Nikatoa ingine."

Stanley alikuwa dereva wa kampasi yetu. Alikuwa mtu wa Takawiri, na alipofariki walimu walikuja kumzika, ziwa likachafuka jioni, wakashindwa kuvuka kurudi. Nilikuwepo, nilikuwa nimevuka nao kuja kuzika. Mimi ndiye niliyewapelekea maji ya kuoga. Mwalimu wa chumba cha tatu alikuwa Dkt. Mayaka.

Nilimkimbilia waya mbio. Aliniacha nimalize, kisha akaweka kisu chini.

"Usimtaje."

"Waya, huyu ndiye anasema hakuna wageni!"

"Sikia. Mtu akilala kwangu na kilio chake, kilio hicho ni cha nyumba. Hakitoki. Shuka chukua, vikombe chukua. Jina la mtu wa matanga usilipeleke Migori. Niahidi."

Nikaahidi. Na mimi, hata nikiwa na hasira, neno langu silivunji.

Sasa unaelewa hali niliyokuwa nayo niliposimama mlangoni kwa Dkt. Mayaka na jalada lenye neno langu matanga na maneno yake matatu mekundu.

"Beverlyne, huu ni uchafu," alisema kabla sijaketi. "Nilikwambia ufanye hojaji. Watu thelathini, maswali kumi, jedwali, kwisha. Wewe unaniletea nguo za kufua na matanga. Watu wa matanga si watalii. Hakuna mtalii analia."

"Walilala, mwalimu."

"Hata mgonjwa hulala! Una wiki moja. Leta hojaji thelathini, toa hizi shuka, toa neno matanga kwa hiyo cover. Ama usije Jumatano."

Nilimtazama tumbo lake lilivyoegemea meza, nikaiona ile shuka ikirudishwa mlangoni. Jina lake lilinifika hadi kwenye meno. Nililimeza, likanikwaruza kooni kama mwiba wa samaki ngege.

"Nitakuja Jumatano," nilisema, "na shuka zangu."

"Kiburi si maungwana, msichana."

"Uongo nao je, mwalimu?"

Chini, mbele ya duka la mbolea, nilimkuta Chrispine wa darasa letu akila mandazi. Yeye alikuwa amekwisha kutetea na kupita. Hojaji zake thelathini alizijaza mwenyewe katika alasiri moja, kwa kalamu tatu za rangi tofauti, na zile za wazee alizijaza kwa mkono wa kushoto ili mwandiko utetemeke. Asilimia sitini ya watu wake walilalamikia ubovu wa daraja.

"Bev, si upike tu data kama wasee wengine?" aliniambia. "Mayaka hataki ukweli. Anataka jedwali."

"Daraja liko wapi, Chrispine?"

"Daraja gani?"

Nilimwacha na mandazi yake. Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa, lakini njia ya Chrispine ilikuwa imefika hadi kwenye orodha ya mahafali, na yangu ilikuwa bado inatafuta pa kukanyaga. Iliniuma. Sisemi uongo, siku mbili nilikaa na karatasi tupu za hojaji na kalamu tatu. Kisha nikakumbuka wale binamu zangu wasiokuwemo kitabuni, nikazichana.

Jumatano jopo lilikaa chumba cha mikutano. Katikati alikuwa mwenyekiti, Profesa Bogonko, mzee wa maneno machache. Kulia kwake Madam Liz, anayetufundisha takwimu na ambaye hajawahi kumpa mtu alama ya bure. Kushoto, Dkt. Mayaka, amekunja mikono.

Nilieleza. Ukuta, shuka, vikombe. Niliwaambia kwamba vikombe vilizidi vitanda kwa sababu akina mama wa matanga hulala wawili wawili, kwa hiyo shuka zangu zinapunguza idadi ya watu, haziiongezi. Madam Liz aliinamia majedwali, kalamu yake ikitembea.

"Profesa," Dkt. Mayaka akadakia, "mimi kama msimamizi nilimwonya. Hawa ni waombolezaji. Si watalii."

"Naomba kusoma," nilisema, nikafungua daftari langu la mwaka wa kwanza. "Utangulizi wa utalii, wiki ya pili. 'Mtalii ni mtu anayesafiri nje ya mazingira yake ya kawaida, akalala huko angalau usiku mmoja, kwa sababu yoyote ile isipokuwa kuajiriwa huko.' Kwa sababu yoyote ile. Tuliandika tukiambiwa neno kwa neno, na aliyetuambia ni Daktari Mayaka."

Profesa Bogonko alikohoa kidogo, nikaona kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani.

Ndipo Madam Liz alipoinua kichwa. "Beverlyne, kila wiki hapa ni namba inagawanyika kwa mbili. Wiki thelathini na tatu. Halafu wiki ya pili ya Machi una mistari kumi na saba, na kwa jumla umeweka kumi na sita. Hii moja imeenda wapi?"

Dkt. Mayaka alilivuta jedwali kwake kama mtu aliyeona sahani ya nyama.

"Unaona! Hesabu haikai. Huyu amepika data, Profesa, na hata kupika hajui."

"Sikupika," nilisema. "Mstari wa kumi na saba umekatwa ukutani, picha iko ukurasa wa arobaini. Mgeni mmoja alirudisha shuka, akapewa nyingine. Kitanda ni kile kile, kwa hiyo sikuihesabu mara mbili."

"Alirudisha kwa nini?" Madam Liz aliuliza.

"Alisema inanuka omena."

Niliyasema hayo nikimtazama Madam Liz, wala sikugeuza shingo. Lakini upande wa kushoto wa meza jedwali liliacha kuchakarishwa.

"Mgeni gani?" Profesa akauliza. "Ukitupa jina, tutampigia simu sasa hivi na jambo litakwisha."

"Sitampa mtu jina lake, Profesa."

"Humjui?"

"Namjua. Alikuja matanga. Kwetu mtu wa matanga hatajwi kwa mambo ya namna hii, na nimemwahidi mwenye nyumba. Mistari ipo, picha zipo, vikombe vipo. Hivyo ulizeni hadi kesho, nitajibu. Jina, hapana."

"Unajua kwamba bila jina jopo linaweza kusema huo mstari umeuchora mwenyewe? Na kama umechora mmoja, umechora yote."

"Najua."

"Na unajua jina lako litatoka kwenye orodha."

Nilimfikiria Willis na mkono wake uliokwisha kufika mwisho. Jina lilikuwa hapo hapo, hatua tatu kutoka niliposimama, limefunga tai ya buluu. Neno moja tu na mimi nimehitimu!

"Basi andika nimeanguka, Profesa," nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Andika. Lakini rafuni kwenu kuna miradi saba imevuka ziwa kwa daraja ambalo halipo, na wenyewe mliwavisha majoho. Mimi nimekuja na shuka ambazo zimelaliwa na watu. Kama hizo saba ni elimu na hii ni uchafu, afadhali niende kufua."

Profesa Bogonko alifungua kalamu yake, akaivuta karatasi ya alama.

"Profesa, ngoja."

Ilikuwa sauti ya Dkt. Mayaka, lakini haikuwa ile ya kufokea. Alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa ncha ya tai.

"Chumba cha tatu," alisema. "Dirisha lake halifungi vizuri. Ni mimi."

Madam Liz alimgeukia. "Wewe?"

"Matanga ya Stanley. Ziwa lilichafuka tukalala. Shuka niliirudisha mimi." Aliipulizia miwani. "Stanley alinibeba kwa gari la kampasi miaka kumi na moja. Usiku ule nililia. Sikutaka kulala katika harufu ngeni, nilitaka kulala tu." Akavaa miwani tena, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Na asubuhi nilipiga picha pale ufukweni, nikakodi mashua, nikamnunulia mke wangu samaki wanne. Kwa hivyo, kulingana na somo langu la wiki ya pili..."

Nyani haoni kundule, lakini wengi wakishaonyeshwa hufunika macho. Huyu hakufunika. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia hadi kaburini, na hapo nikakosa pa kuiweka ile chuki.

Profesa Bogonko aliuliza kama nilikuwa tayari kubadilisha jalada. Neno matanga, alisema, si zuri kwenye mradi wa biashara; niweke tu safari za kifamilia.

"Hapana, Profesa. Watu hawakuenda harusini."

"Wacha likae," Dkt. Mayaka akasema.

Walinipa B. Madam Liz alinikata alama kwa kutumia gesti moja tu, na alikuwa na haki. Jina langu lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo Ijumaa, mstari wa sitini na mbili. Nililiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiri ningeliangalia, kisha nikapanda hadi maktaba, nikauweka mradi wa nane karibu na ile saba, neno matanga likitazama nje.

Nilimpigia waya Benta nikiwa bado pale. Nilimwambia nimepita. Hakushangilia, aliuliza kwanza lile lililokuwa likimkera.

"Ulimtaja?"

"Sikumtaja, waya. Alijitaja mwenyewe."

Nilisikia upepo wa ziwa kwenye simu, na Min Elkana akiuliza kitu kwa mbali.

"Basi mwambie," alisema mwishowe, "ile shuka tuliifua tena. Siku akija kuona kaburi la Stanley, chumba cha tatu ni chake."